SOMO LA VIKUNDI: Karatasi za Kwenda Ng'ambo Zitengenezwe Nyumbani Kwanza



Somo hili mmeliomba wenyewe. Mkutano ukiisha, tukishaongea habari ya mabwawa ya mchanga na mkopo wa mbuzi, huwa kuna mama mmoja anayebaki nyuma akikunja leso yake polepole. Akiona wenzake wametoka, ananiuliza: "Mwalimu, binti yangu amepata kazi Saudia. Ajenti anataka pasipoti wiki ijayo. Tufanye nini?" Mimi humjibu ukweli hata kama haupendezi: wiki moja haitoshi. Kazi hiyo ilipaswa kuanza mwaka jana, tena ianzie hapa Katangi, si kwa ajenti Nairobi.

Siandiki haya ili kumzuia mtu kusafiri. Najua vizuri mvua ya Novemba ikikosa hapa Yatta nyumba hubaki na nini. Wako watoto wetu waliokwenda Ghuba, Uingereza na Marekani, wakasomesha wadogo wao na kuezekea wazazi nyumba za mabati, na hakuna haja ya kujifanya hatuwaoni. Ninachotaka ni kwamba anayetoka atoke na karatasi zilizonyooka, na wanaobaki wajue alikokwenda.

Hebu niwaeleze jambo moja. Mzee mmoja alikuja kwangu jioni. Binti yake alikuwa amemaliza miezi minne bila kupiga simu. Nikamwuliza, "Anafanya kazi mji gani?" Akasema, "Saudia." Nikamwambia Saudia ni kubwa kuliko Kenya zaidi ya mara tatu, aniambie mji. Hakujua. Mwajiri anaitwa nani? "Yeye humwita Madam." Namba ya pasipoti? Hakuwahi kuiona hiyo pasipoti. Na ajenti? Simu yake ilikuwa imezimwa, na chumba alichokuwa akikitumia kama ofisi sasa ni saluni. Mzee alitoa mfukoni kitu kimoja tu, picha ya binti amesimama karibu na gari jeupe, nyuma yake ukuta. Tuliiangalia ile picha muda mrefu tukitafuta hata ubao wenye jina la barabara. Hakukuwa na kitu.

Mzee huyu si mjinga. Amelima miaka hamsini na kulipa karo ya watoto sita. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia kuwa karatasi za msafiri ni za watu wawili: anayekwenda na anayebaki. Tutarudi kwake baadaye.

MAJINA YALINGANE

Tuanze na jambo linalokwamisha watu wengi kuliko mengine yote, nalo ni jina.

Mtu akiomba pasipoti, maafisa wa Uhamiaji huangalia cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, kimoja kando ya kingine. Majina yasipofanana, maombi yanasimama. Sasa sisi Wakamba tuna shida yetu ya pekee hapa. Lugha yetu ina sauti ambazo kila karani huziandika jinsi anavyozisikia. Syombua anakuwa Siombua. Kyalo anakuwa Kialo. Nzioka anaandikwa Nzyoka. Mdomoni ni mtu yule yule, hata mamake hasikii tofauti. Kwenye kompyuta ni watu wawili.

Ongezeni hapo desturi zetu za kuita. Mtoto amezaliwa usiku mvua ikinyesha, naibu wa chifu akaandika Mumbua, basi. Siku ya ubatizo akapata jina la pili. Shuleni mwalimu akaandika jina la ubatizo na la baba, akaliacha Mumbua nje. Alipotimiza miaka kumi na minane akachukua kitambulisho, akataja yote matatu. Akaolewa, wengine wakaanza kumwandika kwa jina la mume hata kwenye kadi ya kliniki. Mtu mmoja, karatasi tano, na hakuna mbili zinazosema kitu kimoja. Kijijini halisumbui mtu, maana sote tunamjua. Lakini yule afisa hamjui, na si kosa lake kwamba hamjui.

Dawa yake ni kazi ya mchana mmoja. Leta mezani kila karatasi yenye jina la huyo kijana: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, kadi ya ubatizo, vyeti vya shule, kitambulisho, cheti cha ndoa kama kipo. Chukua karatasi moja nyeupe. Andika kila jina herufi kwa herufi kama lilivyo, si kama unavyojua lilipaswa kuwa. Andika na tarehe ya kuzaliwa, na majina ya wazazi. Kila panapotofautiana weka alama nyekundu. Nimefanya hivyo na familia nyingi, na ni mara chache sana kalamu nyekundu kukosa kazi.

Baada ya hapo unajua uende wapi. Kosa likiwa kwenye kitambulisho, unakwenda ofisi ya usajili wa watu ukiwa na cheti cha kuzaliwa. Kosa likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, unakwenda ofisi ya usajili wa raia, ile inayosajili vizazi na vifo, ukiwa na ushahidi: kadi ya kliniki, ya ubatizo, barua ya shule. Na kama mtu anataka jina lenyewe libadilike, kuongeza la ubatizo au kuondoa la mume, hapo pana wakili, hati ya kubadili jina na tangazo katika Gazeti Rasmi la Kenya. Hiyo ni pesa na ni miezi. Hati ya kiapo peke yake husaidia tofauti ndogo, lakini msiitegemee ibebe mzigo wote.

Kuna wale ambao hawana cheti kabisa, hasa waliozaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga. Sheria ya kusajili vizazi inataka mtoto asajiliwe ndani ya miezi sita. Ukipita muda huo unaitwa usajili wa kuchelewa, na kazi inakuwa kubwa kidogo, kwa maana sasa lazima uthibitishe. Mama mmoja aliniambia kwamba alizaliwa katika njaa ya 1984, ile tuliyoiita Nikw'a Ngwete, na kwamba mwaka anaujua kwa hiyo njaa tu. Sasa mwezi ni upi? Mkunga wake alikuwa bado hai, akakumbuka kwamba ilikuwa kabla ya mvua. Mkunga kama huyo akifa, ushahidi unakwenda naye. Basi tafuteni vyeti wakati walioona bado wako.

Neno moja la ukali hapa. Ajenti akisema, "Msisumbuke, mimi nitawatengenezea cheti kingine," au "Tutamwongeza miaka mitatu ili akubalike," mkataeni. Alama za vidole za kijana zinasomwa na mashine, na hazibadiliki kama jina. Siku cheti hicho kitakapojulikana, atakayeshikwa ni mwenye picha kwenye pasipoti. Ajenti hayumo katika ile picha.

PASIPOTI YENYEWE

Siku hizi maombi hufanywa kwenye eCitizen, tangu mwanzo hadi malipo. Wengi wetu tunakwenda saiba sokoni, na hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kumwachia kijana wa saiba afungue akaunti kwa namba yake ya simu na neno la siri lake. Akaunti ile ndiyo mlango wa serikali wa mtoto wako. Ndiyo itakayotumika pia kwa cheti cha tabia njema na mambo mengine. Ifunguliwe kwa kitambulisho cha mwenyewe, laini ya mwenyewe, na neno la siri aliandike mwenyewe kwenye daftari lake. Malipo ya serikali hupitia namba ya malipo 222222. Mtu akikuambia utume ada ya pasipoti kwenye simu yake binafsi, hiyo si ada. Angalia kiasi kwenye eCitizen siku ile ile unapolipa, kwa sababu ada hupanda, na ya mwaka juzi uliyoambiwa na jirani si ya leo.

Ukishalipa, unachapa fomu, unapata mtu wa kukupendekeza ambaye nakala ya kitambulisho chake inaambatanishwa, kisha unakwenda mwenyewe, kwa miguu yako, kwenye ofisi uliyoichagua. Nyayo House Nairobi ndiyo inayojulikana, lakini kuna nyingine, kama ile ya Embu. Beba vyeti vyenyewe pamoja na fotokopi. Kutoka hapa Katangi mpaka Nairobi na kurudi ni siku nzima na nauli si haba, kwa hiyo kusahau karatasi moja ni kulipa safari mbili.

Na hapo kwa alama za vidole, nicheke kidogo nanyi. Nimemwona kijana anayevunja kokoto akirudishwa mara mbili kwa sababu mashine haikuona mistari yoyote kwenye vidole vyake. Kazi ilikuwa imeisugua yote! Akina mama wa jembe pia hupata shida hiyo. Siku kadhaa kabla ya kwenda, ipumzisheni mikono, ioshwe na ipakwe mafuta usiku.

Kenya ilianza kutoa pasipoti mpya ya kielektroniki ya Afrika Mashariki mwaka wa 2017, na vile vijitabu vya zamani havitumiki tena. Ya mtu mzima hudumu miaka kumi. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele kabla ya kumpokea mgeni. Lakini anayekwenda kukaa asihesabu miezi sita. Mkataba wa kazi za nyumbani kwa kawaida ni miaka miwili. Pasipoti yenye mwaka mmoja itaishia mikononi mwake huko, na kuifanya upya maana yake ni kwenda ubalozini, na kwenda ubalozini maana yake ni ruhusa ya kutoka nje ya geti. Ifanywe upya hapa kabla hajaondoka.

KAZI, MKATABA NA VISA

Waajiri wengi hutaka cheti cha tabia njema, ambacho vijana hukiita gudi kondakti. Hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, huombwa kwenye eCitizen kwa shilingi 1,050, na alama za vidole huchukuliwa hata katika Huduma Centre ya Machakos. Vipimo vya afya vya kwenda Ghuba hufanywa katika vituo vilivyokubaliwa na nchi hizo peke yake, kwa hiyo usilipie vipimo popote kabla ya kuuliza kama kituo kimo. Vyeti vya shule vitakavyotumika ng'ambo huenda vikahitaji muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje. Hayo tuyaache hapo, yana foleni tu, hayana siri.

Siri iko kwenye mkataba.

Mwaka wa 2014, baada ya malalamiko mengi ya waliotendewa vibaya, serikali ilifuta leseni za mawakala waliokuwa wakipeleka watu Mashariki ya Kati, na ikasimamisha safari hizo. Zilifunguliwa tena mwaka wa 2017 kwa masharti ya kuandikisha mawakala upya. Leo wakala wa kazi za ng'ambo lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa kila mtu. Kama huna mtandao, nenda ofisi ya kazi ukaulize. Uliza jina la kampuni yenyewe. Jina la kijana anayezunguka vijijini kwa pikipiki akikusanya vitambulisho halitakusaidia, na ukimkuta mtu kama huyo hapa kwetu, mwulize anamfanyia nani kazi. Akisema ni "connection" yake tu, mshukuru na umsindikize mpaka barabarani.

Sasa sikilizeni sheria ambayo wengi hawajawahi kuisikia. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inasema mkataba wa kazi ya nchi ya nje uwe katika fomu iliyowekwa, usainiwe na pande zote, na ushuhudiwe na afisa wa kazi. Afisa huyo haruhusiwi kuushuhudia mpaka aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari yake, hakudanganywa wala kulazimishwa, na anaelewa anachosaini. Maana yake ni kwamba kuna afisa wa serikali ambaye kazi yake ni kumkalisha binti yako chini na kumwuliza, "Unaelewa?" Kama ajenti ameiruka hatua hiyo kwa kusema inachelewesha mambo, ameruka kitu cha maana kuliko tiketi.

Mkataba usomwe wote. Ukiwa kwa Kiarabu na Kiingereza, atafutwe wa kuueleza kwa Kiswahili au Kikamba. Ndani yake mtafute jina kamili la mwajiri, mji, simu, mshahara kwa pesa za huko, siku ya kupumzika, muda wa mkataba, na nani analipa tiketi ya kurudi. Kwa kazi za nyumbani Saudia, mikataba huandikishwa katika mfumo wa serikali yao unaoitwa Musaned, basi ulizeni kama umeandikishwa humo. Na mjue kwamba wako waliosaini mkataba mmoja Nairobi, wakafika wakawekewa mwingine wenye mshahara mdogo. Aliyepiga picha ule wa kwanza ana la kuonyesha ubalozini.

Halafu visa. Visa ina jina lake la kazi yake, kama jembe na panga. Visa ya kutembea ni ya kutembea. Kuanzia mwaka wa 2022 vijana Wakenya, wengine wenye shahada, waliahidiwa kazi nzuri Thailand wakasafiri kwa visa ya utalii, kisha wakavushwa mpaka usiku kuingia Myanmar, wakafungiwa katika majumba ya ulaghai wa mtandaoni. Wengine waliokolewa mwaka wa 2025 baada ya kuteseka sana. Ukiambiwa "ingia na ya kutembea, tutabadilisha huko huko," jua umeambiwa uingie bila haki yoyote. Na kila serikali inapotangaza mapatano ya kazi na nchi fulani, kama yale ya Kenya na Ujerumani ya Septemba 2024, matapeli hutangaza nafasi kesho yake. Mapatano ni kweli, lakini nafasi anayoiuza yeye huenda haipo.

PASIPOTI IKISHAFIKA HUKO

Wazee wetu waliobaki watakumbuka yale waliyosimuliwa na baba zao kuhusu kipande. Serikali ya mkoloni ilianza kukitumia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanamume Mwafrika alibeba karatasi zenye alama za vidole ndani ya kikopo cha bati shingoni, na mwajiri ndiye aliyesaini kwamba amemwachilia. Mtu asiyesainiwa alikuwa mtoro. Hasira ya kipande ilitikisa nchi mwaka wa 1922, na sheria yake ikabadilishwa mwaka wa 1947.

Nalikumbusha jambo hilo kwa sababu vijana wetu hulikuta tena kwa sura nyingine. Katika mfumo wa kafala, mwajiri ndiye mdhamini wa kibali cha mgeni kukaa nchini. Saudia ilipolegeza masharti Machi 2021, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mabadiliko yale. Mwajiri akitoa taarifa kwamba mfanyakazi ametoroka, yeye anakuwa mtu asiye na kibali, hata kama alitoroka kipigo. Ndiyo maana msafiri anatakiwa ajue namba ya kibali chake cha kukaa, kile kinachoitwa ikama, kama anavyojua namba ya kitambulisho chake.

Na pasipoti je? Waajiri wengi huichukua siku ya kwanza na kuifungia kabatini. Sheria za nchi kadhaa za Ghuba zinakataza, kwa mfano sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya Kuwait ya mwaka wa 2015. Na hapa kwetu, sheria ya kupambana na biashara ya watu ya mwaka wa 2010 inamhesabu kuwa mhalifu anayezuia hati za safari za mtu ili kusaidia biashara hiyo. Lakini binti aliye peke yake jikoni ugenini hatamsomea mwajiri sheria. Ushauri wangu ni kwamba asipigane kwa ajili ya kile kijitabu siku ya kwanza. Awe na namba yake kichwani, picha yake kwenye simu, na nakala yake Katangi. Pasipoti ikipotea au ikizuiwa kabisa, ubalozi wa Kenya unaweza kutoa hati ya dharura ya kumrudisha nyumbani, lakini lazima kwanza uamini kwamba yeye ni Mkenya. Nakala ndiyo inayosema hivyo kwa niaba yake.

FAILI LA NYUMBANI

Turudi kwa yule mzee. Wiki ya pili baada ya kuja kwangu, mdogo wa yule binti alikumbuka simu ya zamani iliyovunjika kioo. Dada yake alikuwa akiitumia kabla ya kusafiri. Waliipeleka kwa fundi sokoni, akaiwasha kwa shida. Ndani yake kulikuwa na picha tatu za karatasi, zimepigwa upande upande, moja ikiwa na kidole mbele yake. Mbili zilikuwa za mkataba. Jina la mwajiri lilisomeka, mji pia, na namba ya pasipoti yote isipokuwa tarakimu ya mwisho. Basi barua ilianza kuandikwa kutoka hapo. Binti alikuwa hospitalini muda huo wote, simu imechukuliwa. Alirudi nyumbani baada ya miezi mingine mitano. Kama fundi yule angesema kioo hakifai, sijui tungeandika nini katika barua.

Kwa hiyo fungueni faili. Bahasha kubwa ya kaki inatosha. Ndani yake weka fotokopi ya kurasa za mbele za pasipoti, ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, visa, tiketi, mkataba wote si ukurasa wa kwanza tu, jina na namba ya usajili ya wakala, na risiti ya kila shilingi aliyopewa. Andika namba za ubalozi wa Kenya wa nchi ile, umezitoa ubalozini wenyewe au Wizarani. Andika pia jina la mtu mmoja anayemjua huko, hata kama ni wa kijiji kingine. Msafiri awe na seti yake, na apige picha zote na kumtumia mtu wa nyumbani anayejua kutunza simu. Akishafika na kupewa ikama, atume na hiyo. Mkubaliane pia neno moja la siri ambalo akilisema kwenye simu mbele ya mwajiri mtajua kuna taabu. Wengine hulicheka jambo hili. Mimi silicheki.

Sitapenda kulisema lakini lazima: wako wanaorudi ndani ya jeneza, na hata wao hawarudi bila karatasi. Familia yenye faili hulia na kuzika. Isiyo nalo hulia na kuzunguka ofisi.

MAMBO YA WANAOBAKI

Mara nyingi anayekwenda ni mama mwenye watoto. Hakikisheni watoto wamepata vyeti vya kuzaliwa kabla mama hajapanda matatu. Shule zinavitaka, na bibi akienda kumsajili mjukuu mama akiwa Doha, ataulizwa maswali asiyoyaweza. Andikeni pia barua inayosema mtoto anaachwa kwa nani, isainiwe mbele ya chifu, ili siku ya hospitali au ya shule pasiwe na ugomvi kati ya upande wa baba na wa mama.

Kama kuna shamba au kesi inayoendelea, mwachie mtu mmoja hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili, na ikihusu ardhi iandikishwe katika ofisi ya ardhi. Iandikwe kwa jambo moja, si kwa kila kitu. Nimeona ndugu aliyeachiwa "kila kitu" akauza nusu eka. Na pesa zitakazotumwa, anayezipokea ajulikane, aandike daftari.

Upande wa kikundi, natoa maoni yangu na mnaweza kuyakataa. Mkopo wa safari usitolewe mpaka katibu aone faili. Si kwa kumshuku mwanachama. Kikundi kimoja nilichokaa nacho kilitoa shilingi elfu arobaini, ajenti akazipokea mkononi bila risiti, kisha pasipoti ikakwama kwa herufi moja ya jina la baba. Visa ikapita muda, pesa zikapotea, na akina mama wawili waliokuwa wadhamini hawajasalimiana vizuri mpaka leo. Ile herufi ingeonekana bure, mezani, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.

KAZI YA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama aje na karatasi zote za mtoto wake mkubwa, hata kama hana mpango wa kusafiri. Kaeni wawili wawili, mmoja asome na mwingine aandike, herufi kwa herufi, kisha mbadilishane. Asiyejua kusoma akae na anayejua. Katibu aandike ni nyumba ngapi zina tofauti na ni za aina gani, tuone kama tunaweza kukodi gari moja kwenda Machakos pamoja kuzirekebisha badala ya kila mtu kulipa nauli yake. Anayemjua mkunga wa zamani aliye hai amwalike. Na mtu alete kalamu nyekundu.